Tema Mvinyo, Ubaki na Ulimi: Namna ya Kuhudhuria Tamasha Kubwa la Kuonja, Kutoka Naivasha hadi Kisumu

Anza na hesabu kabla hujanunua tiketi. Chupa ya kawaida ya mvinyo ni mililita 750. Kwenye tamasha la kuonja, mhudumu humimina kati ya mililita 25 na 50 kwa mara moja. Akikupa 50 nawe ukazimeza zote, vionjo 15 ni chupa nzima tumboni. Akikupa 25, vionjo 30. Mvinyo wa asilimia 13 una takriban gramu 5 za pombe safi katika kila mililita 50, na ini la mtu mzima husafisha gramu 7 au 8 hivi kwa saa. Aliyemeza vionjo 15 mchana atahitaji kama saa kumi kabla damu yake haijawa safi. Sasa piga picha uwanja wenye vibanda hamsini, kila kimoja na chupa nne au tano mezani. Hakuna awezaye kuvimaliza, na anayejaribu huacha kuonja akiwa kibanda cha nne. Kuanzia hapo anakunywa tu, na kunywa angekunywa nyumbani kwa bei nafuu.

Jiwekee mivinyo 12 hadi 16 kwa siku nzima. Ukiwa na saa tano, toa dakika 45 za kula, nyingine 20 za kupumzika kivulini, na foleni ya dakika kumi hivi kila kibanda saa za msongamano. Zinazobaki hazitoshi zaidi ya hiyo idadi hata ukikimbia. Katika hiyo 12 au 16, tema yote isipokuwa mitatu au minne uliyoipenda kweli.

Neno hilo, kutema, ndilo linalowashinda wengi. Kwetu kutema mbele za watu ni utovu wa adabu, na kutema kitu ulichokilipia kunauma mara mbili. Lakini mezani pa mvinyo mambo yamegeuka: anayetema ndiye anayeonekana amekuja kwa nia, na mhudumu humfungulia chupa aliyokuwa ameificha chini ya meza. Wazee wa Kimaasai hutema mate wakitoa baraka, basi likikusumbua lihesabu hivyo.

Tiketi, chakula na mfuko

Soma tiketi neno kwa neno. Kuna tiketi inayokupa mlango tu, kuna inayokupa glasi na kuponi kadhaa, na kuna ya kuonja bila kikomo. Hiyo ya bila kikomo inavutia, ila kwa anayetema na mwenye shabaha ya mivinyo 15, kuponi mara nyingi hutoka nafuu. Uliza pia kama glasi ni yako au ni ya amana inayorudishwa, na kama kuna bei ya chini kwa dereva asiyekunywa. Usinunue kwa mtu anayekutumia picha ya tiketi kwa WhatsApp. Msimbo mmoja ukishasomwa langoni, wa pili hauingii. Ukinunua, piga picha ya skrini yenye msimbo wako, kwa sababu watu elfu kadhaa wakiwa uwanja mmoja, intaneti hulegea na ujumbe wa M-Pesa huchelewa. Kwa sababu hiyohiyo beba noti ndogo, za 50, 100 na 200.

Beba kitambulisho halisi. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo watu wameizoea kwa jina la Mututho, mbunge wa Naivasha wa wakati ule, inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na askari wa langoni hana muda wa kubishana na sura yako changa.

Kula saa mbili kabla. Ugali na samaki, chapati na maharagwe, githeri yenye parachichi: chakula chenye mafuta na protini huchelewesha tumbo kusukuma pombe kwenye utumbo, ambako ndiko inakofyonzwa haraka. Aliyeingia na chai na mandazi mawili atajuta saa tisa. Piga mswaki mapema, angalau saa moja kabla, kwa sababu sabuni iliyo katika dawa ya meno huufanya mvinyo uwe mchungu. Ndiyo sababu juisi ya chungwa baada ya mswaki haina ladha. Kahawa, peremende za minti, sigara na miraa viache hadi utakapotoka.

Manukato usipake kabisa. Hapa Kisumu ina tatizo lake: jioni ufuoni mbu hawana huruma, na dawa ya kufukuza mbu inanuka kuliko manukato. Vaa suruali ndefu na soksi, upake dawa miguuni tu, na uipake kwa karatasi ili viganja vibaki safi. Kiganja kinachoshika glasi kiko sentimita kumi kutoka puani.

Mavazi yawe ya rangi iliyokolea, maana doa la mvinyo mwekundu kwenye shati jeupe haliondoki vizuri. Viatu viwe bapa; visigino virefu huzama kwenye nyasi za uwanja. Nakuru na Naivasha ziko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari: mchana jua linachoma, saa kumi na mbili jioni utatafuta sweta. Kwenye mfuko tia kalamu na kidaftari, betri ya ziada ya simu, chupa tupu ya maji ya lita moja (nyingi zenye maji hunyang'anywa langoni, tupu hupita), vipande vya mkate mtupu, na kikombe cha karatasi kisichoonyesha ndani. Hicho kikombe ni ndoo yako ya kutemea pale ya kibanda ikiwa imezingirwa na watu.

Jambo la afya, kwa ufupi: mjamzito asionje hata kwa kutema. Anayemeza Flagyl asiguse kileo, dawa yenyewe inaonya hivyo, na asubiri siku mbili hadi tatu baada ya kidonge cha mwisho. Anayetumia dawa za TB, kisukari au shinikizo la damu amuulize mfamasia kabla, asije akamuuliza daktari baadaye.

Dakika ishirini za kwanza, glasi ikiwa tupu

Fika lango linapofunguliwa. Saa ya kwanza ndiyo bora ya siku: wahudumu hawajachoka, barafu haijayeyuka, chupa zimefunguliwa sasa hivi, na mwenye shamba la mizabibu, kama amekuja, yuko mezani mwenyewe. Ikifika saa kumi jioni utamkuta kijana wa kuajiriwa kwa siku moja, anayejua kumimina tu.

Hata hivyo usionje mara moja. Zunguka uwanja mzima kwanza. Tafuta maji ya kunywa yalipo, vyoo, kivuli, ndoo za kutemea, na njia ya kutokea. Andika vibanda kumi unavyovitaka, halafu uvipange kwa aina ya mvinyo, usivipange kwa ukaribu. Watu wengi huanza na kibanda kilicho karibu na lango, ndiyo maana foleni yake huwa ndefu kuliko zote. Nenda mwisho wa uwanja urudi nyuma.

Nusa glasi yako. Ikinuka boksi, sabuni au kitambaa kilichoifutia, kila utakachoonja kitanuka hivyo. Isuuze kwa maji, ikung'ute, kisha omba tone la mvinyo, lizungushe ndani lote na ulimwage. Baada ya hapo usiisuuze kwa maji kila kibanda: maji ya mfereji yenye klorini huacha harufu, na matone yanayobaki huzimua mvinyo unaofuata. Kutoka mweupe hadi mweupe mwingine, mwaga tu mabaki. Suuza pale unaporudi kutoka mwekundu kwenda mweupe, au kutoka wenye sukari kwenda mkavu.

Glasi nzuri ya kuonjea ni ya umbo la yai, mdomo umebana kidogo. Kuna kipimo cha kimataifa cha ISO cha glasi hii: ujazo wa mililita 215 hivi, na humiminwa 50 tu, ili nafasi iliyobaki ikusanye harufu. Ukipewa kikombe cha plastiki kilichopanuka juu kama bakuli, nusu ya harufu imeshakwenda na upepo. Kama waandaaji wanaruhusu, njoo na yako. Ishike mguuni, usiikumbatie tumboni. Kiganja chako kina nyuzijoto 30 na zaidi na mvinyo mweupe unatakiwa uwe 8 hadi 12.

Neno "tamu" litakuponza

Mtu hufika kibandani na kusema, "Nipe ulio mtamu." Yeye anamaanisha mzuri. Mhudumu anasikia wenye sukari. Anamiminiwa mvinyo mwekundu wa sukari, anaupenda kwa sababu sukari hupendwa na kila ulimi, na siku nzima anazunguka akipewa kitu kilekile kwa lebo tofauti. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili, kwa hiyo kwenye meza ya mvinyo liweke kando. Sema "wenye sukari" au "mkavu". Mkavu ni ule ambao karibu sukari yote ya zabibu imegeuka pombe. Kwa kipimo cha Ulaya, kawaida ni chini ya gramu 4 kwa lita. Wenye sukari hasa huanzia gramu 45.

Kuna mtego hapo. Mvinyo unaweza kunukia embe bivu au jemu ya forosadi na bado ukawa mkavu kabisa. Harufu ya tunda si sukari. Ukitaka kujua, bana pua, weka mvinyo mdomoni: kinachobaki bila pua ni sukari, uchachu na uchungu tu. Achia pua, tunda linarudi.

Maneno mengine tunayo, na ni mazuri kuliko ya kuazima. *Uchachu* ni ule unaofanya mate yachuruzike pembeni mwa ulimi, kama ukwaju. *Ukakasi* ni ule wa ndizi mbichi au pera lisiloiva, unaokausha fizi na kufanya meno yakwaruzane. Katika mvinyo mwekundu unatokana na tanini za maganda na kokwa za zabibu, na wakati mwingine za pipa la mwaloni. *Ukali* ni joto la pombe linaloshuka kooni. Mtu mwenye maneno haya matatu na la sukari anaweza kumweleza mhudumu anachotaka bila kujua jina la zabibu hata moja: "Nataka mwekundu, mkavu, ukakasi kidogo, uchachu wa wastani." Atapewa.

Mpangilio, na kionjo kimoja kimoja

Nenda kutoka mwepesi hadi mzito: wenye mapovu, mweupe mwepesi kama Sauvignon Blanc, mweupe mzito uliokaa kwenye pipa, wa pinki, mwekundu mwepesi, mwekundu mzito kama Shiraz au Cabernet Sauvignon, kisha wenye sukari, na mwisho ulioongezwa pombe. Sababu ni ya ulimi. Tanini hung'ang'ania mdomoni. Mweupe mwepesi baada ya Shiraz una ladha ya maji. Na mvinyo mkavu baada ya wenye sukari huonekana mkali kama ndimu hata kama ni mzuri. Ukikosea mpangilio, na utakosea, kula mkate, kunywa maji, kaa dakika kumi. Jibini iache: huufanya kila mvinyo uonekane mzuri, na wauzaji wanalijua hilo.

Kionjo chenyewe hakizidi dakika tatu. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe utazame rangi: mweupe ulioanza kuwa wa kahawia au mwekundu uliofifia kuwa kama tofali ama umezeeka ama umepata hewa nyingi. Nusa kabla hujatikisa. Kisha zungusha glasi mara tatu nne, nusa tena kwa pumzi fupi mbili. Pua huzoea harufu upesi, kwa hiyo kunusa kwa muda mrefu hakusaidii. Chukua funda la kijiko kimoja cha mezani, mililita 15 hivi. Lizungushe lifike fizi na pande zote, vuta hewa kidogo kupitia midomo iliyobana, lishikilie sekunde tano hadi nane, tema. Hesabu sekunde ambazo ladha inabaki. Ikikatika kabla ya tano, mvinyo huo ni wa kawaida, hata bei yake iwe gani.

Kutema kuna ufundi. Bana midomo kama anayepiga mluzi, jaza mashavu, sukuma kwa ulimi kwa nguvu moja, inama mbele, shati ulishike kwa mkono wa pili. Anayetema kwa woga hujimwagia kidevuni. Fanya mazoezi bafuni kwa maji, siku mbili tu zatosha. Fahamu pia kwamba kutema hakuondoi pombe yote: kiasi kidogo hupita kwenye ngozi ya mdomo na kingine humezwa bila kujua. Aliyetema vionjo 15 yuko salama zaidi kuliko aliyemeza. Ruhusa ya kushika usukani hana.

Andika papo hapo. Jina, mwaka wa mavuno, bei, maneno mawili, na alama kati ya 1 na 5. Ukisema utakumbuka, hutakumbuka. Kufikia cha kumi vyote vimekuwa "ule wenye ndege kwenye lebo". Picha ya lebo inasaidia, ila piga na ya bei. Na baada ya kila kionjo, maji glasi nzima. Nzima.

Joto la ziwani, vumbi la bondeni

Kisumu, mchana, hewa hufika nyuzijoto 30. Watu husema mvinyo mwekundu unywewe "kwa joto la chumba", lakini chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Katika nyuzi 30 pombe huvuka haraka kuliko harufu ya tunda, mvinyo huchoma pua, na utauhukumu vibaya bila kosa lake. Mwombe mhudumu aizamishe chupa kwenye ndoo ya barafu *na maji* kwa dakika 10 hadi 15. Barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache. Maji hugusa pande zote, hupoza upesi. Mwekundu unaotoka ndooni ukiwa na ubaridi wa mtungi wa udongo ndio sahihi kwa ziwani. Kwa mweupe, ukiona chupa imekaa mezani juani, omba iliyo ndooni. Si ubishi, ni haki yako.

Kabla ya saa kumi alasiri angalia pia mawingu upande wa ziwa. Mvua ya Kisumu haipigi hodi, na hema zikianza kuvuja kila mtu hukimbilia kibanda kimoja.

Nakuru adui ni vumbi, hasa Januari hadi Machi upepo unapovuma. Chagua vibanda vilivyo upande usiopigwa na upepo, funika glasi kwa kiganja ukitembea, na usidhani unga ulio chini ya glasi ni mashapo ya mvinyo mkongwe.

Mvinyo ulioharibika: jua dalili, rudisha

Hili watu hulionea haya. Wanaonja kitu kibovu, wanadhani ni wao wasiojua, wanaondoka wakisema mvinyo si kinywaji chao. Dalili ni chache na zinajulikana.

Harufu ya boksi lililolowa, au kitambaa cha jikoni kilichokaa na maji usiku kucha, huku tunda likiwa limetoweka: kizibo cha gome kimepata kemikali iitwayo TCA. Haina madhara kwa afya, ila chupa hiyo imekwisha. Omba nyingine ya mvinyo uleule, mara nyingi itakuwa nzima kabisa. Chupa za kifuniko cha kuzungusha ugonjwa huu wa kizibo hazina, kwa hiyo usizidharau.

Harufu ya tofaa lililokatwa likaachwa, rangi imekuwa ya kahawia: hewa imeingia. Kwenye tamasha sababu kubwa ni chupa iliyofunguliwa tangu asubuhi, au jana. Uliza imefunguliwa lini.

Harufu ya matunda yaliyochemshwa, na kizibo kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa: imepikwa na joto. Barabara kutoka bandari ya Mombasa hadi Kisumu ni ndefu, na kontena lililolala juani linaweza kuharibu shehena nzima. Hapo chupa ya pili ya boksi hilohilo haitakusaidia.

Harufu ya siki au ya kuondolea rangi ya kucha ni kazi ya bakteria. Harufu ya yai viza au kiberiti kilichowashwa ni tofauti: hiyo mara nyingi huondoka ukizungusha glasi dakika mbili, kwa hiyo vumilia kabla hujalalamika.

Namna ya kusema ni rahisi: "Samahani ndugu yangu, hebu nusa hii." Mpe glasi. Mhudumu anayejua kazi ataelewa bila maneno zaidi.

Vya kutafuta

Ukiwa upande huu wa nchi, anza na wa nyumbani. Morendat, Naivasha, ndiko kuliko mizabibu ya Leleshwa, mvinyo uliochukua jina la kichaka kile cha majani ya kijivu yanayonukia ambacho kila aliyechunga mbuzi Bonde la Ufa anakijua. Ukipata Sauvignon Blanc yake na Shiraz yake, zionje kwa kujua hili: karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Ulaya baridi ndiyo inayoamua kalenda. Hapa ni mkasi wa mkulima, kwa sababu mzabibu huanza kuchipua upya baada ya kupogolewa. Usiku wa baridi wa nyanda hizo ndio unaosaidia zabibu kubaki na uchachu.

Majirani wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu yao nyekundu ya Makutupora huipati mahali pengi. Ukikuta kibanda cha Watanzania usikipite.

Mivinyo ya Afrika Kusini utaiona kila upande. Chenin Blanc ni ya kuanzia: uchachu mzuri, bei ya kueleweka, inakubaliana na samaki. Pinotage ni zabibu iliyozaliwa hukohuko, Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsault huko Stellenbosch mwaka 1925. Ikitengenezwa vibaya inanuka mpira uliochomwa, ikitengenezwa vizuri ina forosadi na moshi. Onja mbili za watengenezaji tofauti, moja baada ya nyingine. Kulinganisha zabibu moja kutoka mikono miwili kunafundisha zaidi ya kuonja aina kumi zisizohusiana.

Na ukiona muratina mahali, ile ya asali inayochachushwa kwa tunda la mwegea, iweke mwisho. Si kwa dharau. Ladha yake haitoki mdomoni haraka.

Chakula cha uwanjani

Ngege wa kukaanga mwenye ndimu na Chenin au Sauvignon Blanc: usitafute zaidi. Samaki na mwekundu mzito huleta ladha ya msumari mdomoni, kwa sababu madini ya chuma yaliyo katika mvinyo mwingi mwekundu hugombana na mafuta ya samaki. Omena ndiyo mbaya kuliko wote kwa hilo. Nyama choma ya mbuzi yenye mafuta na chumvi, hiyo ndiyo kazi ya Shiraz, maana protini na chumvi hulainisha ukakasi. Kachumbari yenye pilipili nyingi iache hadi umalize kuonja. Pilipili huzidisha ukali wa pombe, na kwa dakika ishirini ulimi wako utakuwa wa mtu mwingine.

Kununua

Usinunue chochote saa ya mwisho ukiwa umechangamka. Soma kidaftari chako, chagua vitatu ulivyovipa 4 au 5, rudi uonje tena kila kimoja funda moja. Mara nyingi kimoja kitaanguka. Uliza bei ya chupa sita na ya kumi na mbili, kisha linganisha na bei ya supamaketi kwenye simu. Bei ya tamasha si lazima iwe nafuu. Kila chupa halali inayouzwa Kenya ina stempu ya ushuru ya KRA, na programu ya Soma Label huisoma kwa kamera ya simu. Chupa isiyo na stempu irudishe mezani, hata muuzaji awe na maneno matamu vipi.

Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.3. Boksi la kumi na mbili ni kilo 15 na zaidi, na boda haibebi abiria, boksi na usalama kwa pamoja. Chukua tuktuk. Kwenye gari, usiache chupa kitini juani. Saa mbili za mchana wa Kisumu ndani ya gari lililofungwa zinatosha kusukuma kizibo.

Kurudi

Dereva huamuliwa kabla ya kuondoka nyumbani, naye haonji. Polisi wa trafiki wenye alcoblow wanajua tarehe za matamasha kuliko wahudhuriaji. Kati ya Nakuru na Mau Summit kuna Salgaa na Sachangwan, mteremko ambao malori yake yameua watu wengi mno kwa mtu kuupita usiku akiwa amechoka, sembuse akiwa ameonja. Anayetoka Kisumu kuja Nakuru, au kinyume chake, ana kama kilomita 180 na zaidi: kata chumba, ulale. Naivasha kata mapema, na hakikisha tarehe hiyo haigongani na mbio za magari za Safari Rally, zilizorudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, maana wiki hiyo hata kitanda cha mabanzi hukosekana. Kama unaamka kuendesha asubuhi, rudia ile hesabu ya mwanzo: chupa nzima saa kumi jioni bado imo kwenye damu saa saba usiku, na bia mbili za baada ya tamasha huisogeza hadi alfajiri.

Ukifika nyumbani laza chupa za kizibo cha gome ubavuni, mahali penye giza na pasipo joto. Chini ya kitanda ni pazuri kuliko juu ya friji, ambako mtambo hutoa joto siku nzima. Uliyoifungua ukaiacha nusu, irudishie kizibo na uitie kwenye friji, hata kama ni nyekundu. Mweupe utavumilia siku tatu hadi tano, mwekundu vivyo hivyo ukiutoa nusu saa kabla ya kunywa. Wenye mapovu umalize siku hiyohiyo.